Dhahabu Tunaipima, Mbona Pafyumu Hatuipimi?

Mpwa wangu ana karasha huko Nyarugusu, mkoani Geita, anasaga mawe ya wachimbaji wadogo. Ni kijana wa miaka 29. Kwa muda wote aliofanya kazi hiyo hajawahi kuuza hata nusu gramu ya dhahabu bila kuiona ikiwekwa kwenye mizani na kupimwa usafi mbele ya macho yake. Mnunuzi akimwambia "niamini", yeye hufunga dhahabu yake kwenye karatasi na kuondoka. Lakini Oktoba iliyopita alifika nyumbani kwangu Shinyanga mjini akiwa na chupa ya pafyumu aliyoinunua kwa shilingi 450,000, na boksi lilikuwa bado na nailoni yake. Hakuwa ameinusa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Za Geita?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Mjomba, wewe umefundisha kemia. Naomba uniambie kama hii ni mali au nimepigwa. Kama ni mali, nataka kuchukua nyingine nimpelekee baba mkwe siku ya kupeleka posa. Kama nimepigwa, niambie mapema."

Nilifundisha kemia katika shule za sekondari kwa miaka 31. Swali lake nililichukua kwa uzito, kwa sababu si lake peke yake. Ukipita Kahama, Katoro au Geita mjini, utaona katika maduka ya vipodozi kuna rafu moja yenye kioo na kufuli. Hapo ndipo zinapokaa pafyumu za wanaume za bei kubwa. Kijana aliyepata fedha ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, au ya karasha husimama mbele ya kioo hicho, husoma bei, na hujihesabia kuwa amefika. Simlaumu. Mtu aliyeshinda kwenye vumbi la mawe na moshi wa dizeli ana haki ya kuoga, kuvaa shati safi na kunukia. Kunukia vizuri ni heshima kwa mwenzako anayekaa karibu nawe. Ninachokihoji ni bei, na jinsi tunavyoilipa bila kupima.

Chupa yenyewe ni ya mililita 100, kioo kizito, kifuniko kinachofunga kwa mlio wa mlango wa gari jipya. Imetengenezwa Ulaya. Ni ile aina inayoitwa maji ya Cologne, pafyumu nyepesi ya kiume inayojengwa juu ya harufu ya machungwa na ndugu zake. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa aina hii nzima ndiyo ninayotaka kuipima.

Kiswahili kina majina mengi kwa ukoo huu: chungwa, chenza, limau, ndimu, balungi, danzi. Katika pafyumu hizi anayetawala ni bergamoti, tunda linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Ni mzao wa limau na danzi. Msomaji wa pwani analijua danzi, lile chungwa kali na chungu ambalo huwezi kulila ukafurahi. Mafuta ya bergamoti hukamuliwa kutoka kwenye ganda. Maua ya mdanzi nayo yakichemshwa kwa mvuke hutoa mafuta yanayoitwa neroli, na ili upate kilo moja ya neroli unahitaji karibu tani moja ya maua yanayochumwa kwa mkono. Kwa hiyo si kweli kwamba ndani ya chupa kama hii hamna kitu cha thamani. Kinaweza kuwemo. Swali ni kiasi gani kimo, na kinakaa muda gani.

Aina hii ina umri wa zaidi ya miaka 300. Mwitaliano Johann Maria Farina, aliyehamia mji wa Cologne nchini Ujerumani, alimwandikia ndugu yake mwaka 1708 kwamba amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua. Mwaka uliofuata, 1709, ndipo ilipoanza kampuni inayobeba jina la Farina hadi leo. Wengine wakafuata mjini humo humo. Maarufu kuliko wote ni 4711, na namba hiyo ilikuwa namba ya nyumba tu katika mtaa wa Glockengasse. Mwaka 1916 mji wa Parma, Italia, ukatoa Colonia ya Acqua di Parma. Mwaka 1966 nyumba ya Dior ikatoa Eau Sauvage, kazi ya mtunzi wa manukato Edmond Roudnitska, ambaye aliichanganya limau na kemikali mpya iitwayo hedioni ili ubichi wake usambae na ukae zaidi. Historia hii ina funzo moja: tangu mwanzo, kazi ya maji ya Cologne ilikuwa kuburudisha. Watu walijimwagia kama tunavyojimwagia maji usoni wakati wa joto. Hakuna aliyeahidiwa kwamba yatakaa hadi jioni.

Nami nililijua hilo kabla sijajua kemia. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo Mwadui, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson baada ya kuvumbua almasi pale mwaka 1940. Nyumbani kwetu kulikuwa na kichupa kimoja cha 4711, lebo yake ya buluu na dhahabu, alichopewa na mkubwa wake wa kazi alipokuwa akirudi kwao. Baba hakujipulizia mwilini hata siku moja. Jumapili asubuhi alikuwa akidondosha matone mawili kwenye leso, anaikunja mara nne, anaiweka mfuko wa shati. Katikati ya ibada, joto likizidi chini ya bati, aliitoa na kujifuta paji la uso. Sisi watoto tulioketi karibu naye tulisikia harufu ya limau ikipita, kisha imekwenda. Kichupa kile kilidumu miaka. Kila ninaponusa ndimu iliyokatwa namwona baba akikunja leso.

Basi nilimwambia mpwa wangu: "Niachie chupa wiki moja. Tutaipima kama mnavyopima mali yenu."

Jumatatu saa 1:00 asubuhi, baada ya kuoga kwa sabuni isiyo na harufu, nilijipulizia mara mbili kwenye kunjo la mkono wa kushoto, na mara mbili kwenye kipande cha kitambaa cheupe cha pamba. Mkono wa kulia na kitambaa cha pili nilivipulizia pafyumu ya machungwa ya shilingi 12,000 niliyoinunua sokoni hapa Shinyanga. Saa ukutani, daftari mezani.

Saa 1:00 mkono wa kushoto ulikuwa wa kupendeza kwelikweli, na ninataka kuwa mwaminifu katika hili. Ilikuwa kama mtu amemenya chungwa bichi mbele ya pua yako, lile ganda likirusha vumbi lake la mafuta. Mkono wa kulia nao ulinukia limau, lakini ukali wa spiriti ulitangulia, na nyuma yake ukaja utamu wa pipi. Tofauti ilikuwa wazi.

Saa 1:40 limau na bergamoti vilikuwa vimeondoka mkono wa kushoto. Yalibaki maua ya mdanzi na majani makavu ya rozmari. Saa 2:15 mkono wa kulia haukuwa na kitu ila utamu kidogo. Saa 4:00 mkono wa kushoto ulinukia usafi, kama shati lililoanikwa juani, lakini ilibidi pua iguse ngozi. Saa 7:00 mchana kipimajoto barazani kilisoma nyuzi 33, na mikono yote miwili ilikuwa mikono tu. Kwenye vitambaa mambo yalikuwa tofauti: kile cha bei kubwa kilikuwa bado kinanukia kwa upole hadi kesho yake asubuhi.

Jumatano nilifanya jaribio jingine. Nilipulizia vitambaa vipya, nikaviandika A na B, nikawapa watu wanne bila kuwaambia bei: mke wangu, binti yetu, jirani yetu fundi cherehani, na mpwa mwenyewe. Baada ya dakika 15, wote wanne walichagua kile cha bei kubwa bila kusita. Baada ya muda wa saa tatu, wawili walichagua cha bei kubwa na wawili wakachagua cha shilingi 12,000. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa hao wawili wa mwisho. Aliposikia jibu alinyamaza kwa muda mrefu. Watu wanne si utafiti, najua. Lakini watu kama hao ndio mtu hukaa nao chumba kimoja, na ni kwa ajili yao hujipulizia.

Ijumaa nikasafiri kupitia Kahama hadi Nyarugusu kuona itakuwaje kazini kwake. Nilijipulizia kwake saa 3:00 asubuhi, tukatembea hadi kwenye karasha. Mipira ya chuma inagonga, unga wa mawe unaelea, jenereta linatoa moshi. Ngozi ilianza kushika vumbi jeupe kabla hatujamaliza kusalimiana na vijana. Nusu saa baadaye nilimuuliza mmoja wao aliyesimama hatua moja kutoka kwangu kama ananusa chochote. Akasema ananusa dizeli.

Sababu ya haya yote iko kwenye kemia ya kidato cha tano, na haina fumbo. Ganda la chungwa limejaa limonini, molekuli ndogo ya kaboni 10 na haidrojeni 16. Kwa kuwa ni ndogo na nyepesi, huruka haraka kutoka kwenye ngozi yenye joto. Ndiyo maana ukimenya chungwa sebuleni mtu wa jikoni anajua. Harufu nzito kama udi, miski na mbao zina molekuli kubwa zinazoshikana na ngozi na nguo, ndiyo maana nguo iliyofukizwa udi hunukia siku ya pili na ya tatu. Ile sifa inayoifanya limau ipendeze, yaani kuruka na kukufikia upesi, ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iondoke. Mtunzi wa manukato anaweza kuichelewesha kwa kuweka vishikizo chini yake, lakini baada ya muda unachonusa ni vishikizo. Chungwa limekwenda.

Kuna pia suala la ukali wa mchanganyiko. Maji ya Cologne kwa kawaida huwa na mafuta ya manukato asilimia 2 hadi 5 tu, iliyobaki ni spiriti na maji. Ile inayoandikwa "eau de toilette" huwa na takriban asilimia 5 hadi 15, na "eau de parfum" asilimia 15 hadi 20. Soma maneno hayo madogo kwenye boksi kabla ya kusoma jina kubwa. Usidanganyike na orodha ya viambato: utaona limonini, linaloli, sitrali, na utaziona hizo hizo kwenye chupa ya shilingi 12,000, kwa kuwa orodha hutaja vilivyomo bila kusema ni kiasi gani.

Sasa tuhesabu, kwa kuwa bei ndiyo kesi yenyewe. Mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu ya kumi ya mililita. Chupa ya mililita 100 basi ni mipulizo kama 1,000. Kwa shilingi 450,000, kila unapobonyeza kidole umetoa shilingi 450. Mtu mzima hujipulizia mara nne hivi: shilingi 1,800. Kwa ngozi yangu na joto letu, hizo zimenipa saa tatu. Anayetaka kunukia kuanzia asubuhi hadi jioni atarudia mara tatu kwa siku, yaani shilingi 5,400 kila siku, na chupa itakwisha siku ya 83. Haifiki miezi mitatu. Ile ya shilingi 12,000, yenye ujazo huo huo, inakugharimu shilingi 12 kwa mpulizo. Hata ukiirudia mara sita kwa siku hufiki shilingi 300.

Je, ile ya bei kubwa ni nzuri zaidi? Ndiyo, katika saa ya kwanza ni nzuri zaidi kwa mbali, na katika saa ya pili bado inaongoza. Je, ni nzuri mara 37? Hapana. Katika ile 450,000 kuna kioo kizito, kuna tangazo la mwigizaji aliyeshika chupa ufukweni, kuna usafiri, ushuru, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na faida ya kila mkono kuanzia Ulaya hadi Kahama. Mpwa wangu amelipia vyote hivyo. Pua ya baba mkwe wake haitanusa hata kimoja kati ya hivyo.

Najua jibu la vijana, maana wamenipa. Wanasema, "Mwalimu, tunanunua jina." Nakubali kwamba jina lina raha yake. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya udongo akimiliki kitu kinachotumiwa na matajiri wa London, moyo wake hutulia. Lakini mnaojua dhahabu mnajua pia kwamba jina bila kipimo ndilo lililowaumiza wachimbaji kwa miaka mingi, pale mnunuzi alipokuja na mizani yake mfukoni na bei yake kichwani. Masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa yale ya mwanzo, faida kubwa ilikuwa kwamba mali inapimwa hadharani na bei inajulikana. Hakuna mchimbaji anayetaka kurudi kwenye enzi za mizani ya mfukoni. Kwa nini basi fedha iliyotoka kwenye mizani ya haki iende kwenye chupa ambayo haijafunguliwa?

Na hapo sijagusa feki. Mwaka juzi mpwa wangu huyo huyo alinunua chupa nyingine yenye jina kubwa katika duka moja ambalo sitalitaja. Baada ya dakika kumi ilinukia spiriti na sukari, na shingo ikamtoka vipele. Hakuwa na risiti, kwa hiyo hakuwa na pa kuanzia. Usajili wa vipodozi tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Vyombo vipo. Lakini malalamiko yasiyo na risiti ya EFD hayana miguu. Dai risiti. Linganisha namba ya toleo iliyochapwa chini ya boksi na ile iliyo chini ya chupa. Zikitofautiana, rudisha hapo hapo. Duka likikataa kukuonjesha harufu kutoka chupa ya kujaribia kwa bidhaa ya laki nne, ondoka, kama unavyoondoka kwa mnunuzi anayekataa mizani.

Hata iliyo halali huharibika kwetu. Mafuta ya machungwa hayapatani na joto, mwanga wala hewa. Chupa iliyokaa miezi kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua la saa nane, au kwenye dashibodi ya gari, huanza kunukia kama tapentaini ya fundi rangi. Limonini iliyochakaa hivyo ndiyo pia huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Ukinunua, iweke ndani ya boksi lake, chini ya kabati la nguo, mbali na ukuta unaopigwa na jua.

Jambo la mwisho la kemia ni la afya. Bergamoti, ndimu na danzi vina viini ambavyo vikiwa kwenye ngozi na jua likavipiga, vinaweza kuunguza na kuacha madoa meusi ya miezi. Baadhi ya watu wa zamani waliotumia maji ya Cologne walikuwa na alama shingoni kwa sababu hiyo. Watengenezaji wengi leo huondoa viini hivyo kwenye mafuta yao, lakini boksi halikuambii daima. Kwenye jua kama letu, pulizia nguo. Ndugu zetu wenye ualbino wasiipake kabisa kwenye ngozi inayoonekana. Isitoshe, nguo ndiyo inayoshika harufu muda mrefu, kama daftari langu lilivyoonyesha. Baba na leso yake alikuwa sahihi kuliko tangazo lolote.

Sitaki msomaji aondoke akidhani nasema tununue udi badala yake. Harufu nzito nazipenda usiku, harusini, msimu wa baridi ya Juni. Lakini mchana wa Oktoba ndani ya basi dogo lililojaa kutoka Tinde, udi mwingi ni adhabu kwa abiria. Kwa hali ya hewa ya Shinyanga na Geita, machungwa ndiyo harufu inayotufaa kuliko zote: nyepesi, safi, haimbani jirani pumzi. Ninachokataa ni kuilipia kana kwamba ni kitu kinachokaa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba harufu hii si ngeni kwetu. Muheza, mkoani Tanga, msimu ukifika machungwa hujaa kando ya barabara hadi mengine yanaoza, na maganda yake hutupwa kila siku katika kila stendi ya nchi hii. Kule Wawi, Chake Chake, kiwanda cha Pemba kimekuwa kikitoa mafuta kutoka kwenye makonyo ya karafuu, kitu ambacho kingeweza kuitwa taka. Kwa hiyo ujuzi wa kutoa mafuta ya harufu kutoka kwenye mimea yetu upo ndani ya nchi. SIDO, shirika la viwanda vidogo, imesaidia viwanda hivyo tangu 1973 na ina ofisi mikoani. Ninaiomba iyatazame maganda ya machungwa kwa jicho hilo. Kijana wa Muheza akikamua mafuta ya ganda vizuri, na mwingine wa Unguja akayatungia kishikizo cha karafuu, mwanamume wa Geita atapata pafyumu ya machungwa kwa bei ya haki, na fedha ya dhahabu yake itazunguka hapa.

Mpwa wangu alirudi Jumapili kusikia majibu. Nilimpa daftari asome mwenyewe. Nilimwambia kwamba hajapigwa kwa maana ya feki. Mali ni halisi na ni nzuri. Amepigwa kwa maana ya bei, na aliyempiga ni haraka yake mwenyewe. Nilimwambia asinunue ya pili. Kwa fedha hiyo anaweza kuongeza mbuzi wanne kwenye posa, na baba mkwe atawaona asubuhi na jioni. Ile aliyokwisha kuinunua aitumie vizuri: aoge kwanza, apulizie shati upande wa ndani mara mbili, na leso mara moja. Kwa mwendo huo, akiitumia Jumapili na siku za shughuli tu, itamfikisha miaka.

Na kwako msomaji, hukumu yangu ni hii. Pafyumu ya kifahari ya machungwa ni nzuri, lakini chupa ya mililita 100 kwa laki nne na nusu haistahili fedha ya mtu ambaye bado anajenga. Mwenye nacho na anayeipenda kweli, atafute ujazo mdogo kabisa unaouzwa. Wengine wote, chukueni ya bei ya kawaida iliyosajiliwa, mpulizie nguo, mrudie mchana. Kabla hujatoa shilingi, omba upuliziwe mkononi, mahali panapofunikwa na shati, saa tatu asubuhi, weka fedha mfukoni, tembea mjini ufanye shughuli zako. Saa saba mchana nusa tena. Kama bado unaitaka, rudi ununue. Kama hunusi kitu, umeshapata jibu, na fedha yako bado unayo.